Mkutano wa Wazazi Usiitwe Wakati wa Palizi

BARUA YA BWANA SHAMBA



Mwezi huu siandiki juu ya mbegu wala samadi. Naandika juu ya darasa la awali, lile ambalo wengi wetu bado tunaliita chekechea. Najua wapo watakaouliza: bwana shamba anatafuta nini kwa watoto wa miaka 5?

Nitajibu. Katika kata ninayofanyia kazi, mkoani Dodoma, mimi huitwa shuleni mara kwa mara kwa ajili ya bustani na ghala la chakula. Huko nawasikia walimu wakilalamika kwamba wazazi hawaji. Nikishuka vitongojini kukagua mashamba, nawasikia wazazi wakilalamika kwamba walimu hawasemi nao ila wakitaka kitu. Malalamiko haya mawili nimeyasikia kwa miaka mingi. Nimeona kwamba chanzo chake kimoja kikubwa kimo ndani ya kalenda ya kilimo. Na kalenda ya kilimo ni jambo ninaloweza kulisemea.

Itazameni kalenda hiyo. Shule hufunguliwa Januari. Ndipo watoto wapya wa awali wanapoingia. Ndipo mwalimu anapotaka kuwafahamu wazazi, na ndipo mkutano wa kwanza unapoitwa. Sasa Januari hapa kwetu ni mwezi gani? Mvua yetu ni moja tu. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na huisha Aprili. Kwa hiyo Januari ni palizi. Mtama umefika magotini, na magugu nayo yamefika hapo hapo. Mtu anaamka saa 11 alfajiri, anarudi mgongo ukimuuma. Tena Januari na Februari ndiyo miezi ambayo vihenge vinakaribia kuwa vitupu. Wapo wanaokula mlo mmoja kwa siku. Wapo wanaouza mbuzi ili wanunue unga.

Katika wakati huo huo mzazi anapata habari: mkutano shuleni Jumanne, saa 3 asubuhi. Jambo la kuzungumzwa ni mchango wa chakula.

Nani atakwenda? Wataenda wachache wanaokaa karibu, na wale wenye duka. Waliobaki huambiwa kwamba hawana mwamko. Neno hili silipendi. Mtu aliyetoka alfajiri kupalilia ekari 3 ili mwanawe ale, huwezi kumwambia hajaamka.

MAMA ALIYENYAMAZA

Katika shule moja, ambayo sitaitaja, mkutano wa namna hiyo ulifanyika Januari. Darasa la awali lilikuwa na watoto 52. Wazazi waliofika walikuwa 11. Hao 11 wakakubaliana kwamba kila mzazi alete debe moja la mahindi au mtama kwa ajili ya uji. Habari ikapelekwa kwa wazazi wengine kwa vinywa vya watoto.

Mtoto mmoja wa kike alifika nyumbani akamweleza mama yake kwa namna alivyoelewa yeye: asiye na debe asije. Mwalimu hakusema hivyo. Mwalimu alisema kwamba asiye na debe sasa aje aseme. Lakini mtoto wa miaka 5 hubeba maneno kama anavyobeba maji katika kikombe. Yanayofika nyumbani ni kidogo.

Yule mama hakuwa na debe. Alikuwa na mtama wa kula siku 10. Akaona aibu kwenda kueleza shida yake mbele ya watu. Akamweka mtoto nyumbani. Mwalimu naye akaona katika daftari la mahudhurio kwamba jina lile halina alama. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akafikiri kwamba mama huyu hajali elimu. Zikapita wiki 5. Kati ya nyumba ile na shule kuna korongo moja tu.

Jambo lenyewe lilijulikana kwenye mashine ya kusaga. Mwalimu, ambaye ni kijana, alimkuta mama yule kwenye foleni.

"Shikamoo mama. Mwanetu anaumwa?"

"Marahaba mwalimu. Haumwi. Bado natafuta lile debe."

"Debe la kumzuia mtoto, mama? Aje kesho."

Kesho yake mtoto alirudi. Lakini wenzake walikuwa wamekwisha kujua nyimbo za kuhesabu. Walikuwa wanajua mahali pa kukaa na mahali pa kunawa. Yeye akawa mgeni kwa mara ya pili. Mwalimu alimkalisha karibu naye, na baada ya muda akashika mwendo. Si wote wanaobahatika hivyo. Wapo wanaobaki nyumbani mwaka mzima. Wakiingia darasa la kwanza hawajui kushika penseli, na jirani yake dawatini anasoma silabi.

Hapa niseme jambo la serikali, maana wengi hawalijui vizuri. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima. Toleo la mwaka 2023 la sera hiyo limeendelea hivyo. Hakuna ada katika shule za msingi za serikali, na darasa la awali limo ndani yake. Michango wanayokubaliana wazazi ni ya hiari. Mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi wake hajachanga. Yafaa mwalimu mkuu aliseme hili kwenye mkutano kabla debe halijatajwa, wala si baada yake.

Nanyi wazazi, neno "bila ada" msilisikie kama "bila mzazi". Serikali huleta mwalimu. Uji wa saa 4 hauji na mshahara wa mwalimu.

HESABU YA UJI

Twende kwenye hesabu, maana debe linatisha likitajwa bila hesabu. Mwaka wa shule una siku zipatazo 194 za masomo. Tuseme mtoto mmoja wa awali anakunywa kikombe cha uji wenye unga gramu 60. Zidisha gramu 60 kwa siku 194. Utapata gramu 11,640, yaani karibu kilo 12. Debe moja la mahindi lina uzito unaokaribia kilo 18. Kwa hiyo mtoto mmoja hanywi debe zima kwa mwaka. Anakunywa theluthi mbili za debe.

Sasa chukueni lile darasa la watoto 52. Wote pamoja wanahitaji kilo 624. Wakileta wazazi 38 tu, debe moja moja, ghala litakuwa na kilo 684. Wazazi 14 wakikosa kabisa, watoto wote 52 watakunywa uji, na kilo 60 zitabaki za kulipia mashine na kumtuliza mpishi. Yule mama wa korongoni hakuwa na sababu ya kumficha mtoto wake. Hakuna aliyemfanyia hesabu hii. Hata wale 11 waliopanga hawakuifanya.

Shauri langu ni hili. Mkutano wa kuzungumzia chakula uondolewe Januari. Upelekwe wiki ya mwisho ya Mei, kabla shule hazijafunga. Wakati huo mahindi yamekwisha kuvunwa na mtama umo mbioni. Mtu akiwa na chakula nyumbani huzungumza bila kuficha uso. Chakula chenyewe kipokelewe Julai, shule zikifunguliwa, mtama ukiwa umepigwa na kukauka.

Mtaniuliza: wazazi wa Januari ijayo watajulikanaje mwezi Mei? Watajulikana. Kila mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuhesabu watoto watakaotimiza miaka 5. Kliniki kuna kadi zao. Wazazi hao waitwe pamoja na wale ambao watoto wao wamo darasani tayari. Debe ligawanywe mara mbili. Nusu debe itolewe Julai, kabla mtoto hajaingia, kwa ajili ya uji wa nusu ya kwanza ya mwaka. Nusu ya pili itolewe Julai inayofuata. Kwa njia hii mzazi anakuwa amefika shuleni, ameona darasa, na amemjua mwalimu kwa sura, miezi 6 kabla ya mtoto wake kuanza. Mimi naona faida hii ya pili ni kubwa kuliko ile nusu debe.

Wenzetu wa mikoa yenye mvua mbili, kama Kagera na Kilimanjaro, wapime kwa kalenda yao. Jambo ni lile lile: itisheni mkutano baada ya mavuno.

Kuhusu kuhifadhi nitasema kwa ufupi tu. Nafaka inayotoka nyumba nyingi haikauki sawasawa. Chukua chupa kavu, weka chumvi kavu kidogo na punje kiasi, tikisa, halafu iache kwa muda. Chumvi ikigandamana ukutani mwa chupa, nafaka hiyo bado ina maji. Irudishwe juani. Msione haya kuikataa nafaka yenye ukungu, hata kama ameileta mtu mkubwa. Mwaka 2016 tuliwazika watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya mahindi yenye sumukuvu. Nafaka kavu itiwe katika mifuko ya kinga njaa, ile yenye mifuko 2 ya plastiki ndani, na kila mfuko ufungwe peke yake.

Kazi ya kupima na kukagua ifanywe na wazazi wenyewe, mwalimu akiandika. Halafu hesabu ibandikwe nje ya darasa, si ofisini:

Nafaka iliyoingia: debe 38.
Iliyotumika mwezi huu: debe 4.
Iliyobaki: debe 34.

Mistari 3 tu. Mtu aliyemaliza kisomo juzi ataisoma akipita. Asiyejua kusoma atasomewa na mwanawe. Mahali hesabu inapobandikwa, maneno ya kwamba mwalimu anakula mahindi ya watoto hayaishi siku moja, lakini hupungua nguvu.

MLANGO ULIHAMA

Wazee watakumbuka vituo vya kulelea watoto wadogo katika vijiji vya ujamaa, miaka ya 1970. Akina mama walikwenda shambani, watoto wakabaki na mlezi aliyetoka kijijini humo humo. Hakukuwa na haja ya barua. Mama alimleta mtoto mwenyewe, akamwambia mlezi kwamba huyu jana alitapika, akaenda zake. Jioni alimchukua, akaambiwa alivyoshinda. Mazungumzo yote hayo yalichukua muda wa kuvua mtoto mgongoni.

Mwaka 1995 Sera ya Elimu na Mafunzo iliiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi, na madarasa yakaanza kuwekwa katika shule za msingi. Hatua hiyo ilikuwa nzuri. Mtoto alipata mwalimu na mtaala. Lakini mlango ulihama. Siku hizi mtoto wa awali hufuatana na dada yake wa darasa la nne. Mama humwaga kwenye kizingiti cha nyumba, asifike kwenye kizingiti cha darasa. Mwalimu na mama wanaweza kumaliza mwaka mzima bila kusalimiana. Wanazungumza kwa kumtumia yule dada, naye ana mambo yake.

Mwalimu naye tumtazame kwa haki. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu 1 kwa watoto 25. Katika madarasa mengi ya vijijini utamkuta na watoto mara mbili au tatu ya hao. Huyu hawezi kupita nyumba kwa nyumba kila jioni. Lakini nimeona mwalimu mmoja aliyepata njia. Kila Ijumaa, watoto wakiondoka, anasimama chini ya mti karibu na barabara kwa nusu saa. Watu wote wanajua kwamba Ijumaa mwalimu wa awali yupo mtini. Hakuna kiti, hakuna ajenda, hakuna daftari la michango. Anayetoka mnadani anapita. Anayetoka kisimani anatua ndoo. Mwanzoni walikuja wawili au watatu. Sasa kuna Ijumaa anashindwa kuondoka.

Nilimuuliza siri yake. Aliniambia kwamba alijiwekea sharti: kila anayemkaribia amwambie kwanza jambo moja jema alilolifanya mtoto wake wiki hiyo. Huyu amewagawia wenzake rangi. Huyu amehesabu hadi 20. Ubaya unafuata baadaye, kama upo. Wazazi wetu wamezoea kwamba ukiitwa shuleni kuna kosa au kuna deni. Mzazi akisikia jina lake likitajwa na mwalimu, moyo unampasuka. Ndiyo maana wengine hukata njia ya porini wakimwona mwalimu mbele.

WENZETU WA PWANI

Si sisi wa kwanza kulisumbukia jambo hili. Mwaka 1986, huko Mombasa, viongozi wa Waislamu walitaka watoto wao wadogo wapate elimu ya awali bila kuacha mafunzo ya dini yao. Wakasaidiwa na Mfuko wa Aga Khan, ukaanza mpango wa shule za awali za madrasa. Mkufunzi wao wa kwanza alikuwa Bi Swafiya Said. Mwaka 1990 mpango ukafika Zanzibar, na mwaka 1993 Kampala, nchini Uganda.

Sizungumzii dini hapa. Nazungumzia namna walivyowashika wazazi. Shule haikuletwa na kukabidhiwa. Watu wa mahali walitafuta chumba wenyewe, wakaunda kamati ya kuiendesha, na walimu waliopata mafunzo walikuwa akina mama na wasichana wa papo hapo. Kabla ya kuanza, kulikuwa na mapatano ya maandishi: watu wa mahali watafanya hili, kituo cha mafunzo kitafanya lile. Vifaa vya kuchezea havikununuliwa mjini. Vilitengenezwa kwa vifuu, makombe ya pwani, mbegu, vitambaa na makuti.

Jambo la vifaa ndilo linalonivutia zaidi, kwa sababu ni jambo la mikono. Mkutano huwa na wasemaji 3 na wasikilizaji 50. Lakini waite wazazi hao hao watengeneze vifaa, hakuna atakayekaa kimya. Hapa kwetu hatuna vifuu. Tuna vibuyu, tuna mabua ya mtama, tuna udongo wa mfinyanzi na mbegu za ubuyu. Bibi anayefinyanga chungu anaweza kufinyanga ng'ombe 10 wa kuhesabia kwa asubuhi moja. Akiwa anafinyanga anaona mjukuu wake anavyofundishwa. Akirudi nyumbani atamhesabisha kuku.

LUGHA YA NYUMBANI

Kuna mtoto mmoja wa kiume aliyekataa shule kabisa. Alilia kila asubuhi, akashika nguzo ya nyumba. Baba yake alimchapa, haikusaidia. Mwalimu alifikiri ni uoga tu. Ilipoulizwa vizuri, kisa kilikuwa kidogo. Mtoto huyu nyumbani anazungumza Kigogo. Mwalimu ametoka mkoa mwingine. Siku ya pili ya shule mtoto alibanwa na haja ndogo, hakujua namna ya kuomba ruhusa kwa Kiswahili, akajikojolea. Wenzake wakacheka.

Jambo kama hilo mama angelimaliza kwa dakika 2, kama angalikuwa na mahali pa kulisema. Baadaye mwalimu aliwaomba akina mama wamwandikie maneno machache ya Kigogo: maji, choo, naumwa, nimechoka, mama. Akayabandika nyuma ya mlango. Asubuhi iliyofuata akawasalimu watoto "Mbukwenyi". Darasa zima lilicheka, na yule wa nguzoni alicheka pia.

Darasa linafundishwa kwa Kiswahili, na ndivyo inavyotakiwa. Mtoto atakijua. Lakini wiki za kwanza ni daraja, na mbao za daraja hilo ziko kwa mzazi. Mwalimu aziombe. Wala asione kwamba amejishusha.

BARUA NA SIMU

Siku hizi wapo wanaosema kwamba simu imemaliza yote. Simu ni nzuri. Mwalimu anaweza kutuma ujumbe kwa wazazi 30 akiwa amekaa. Mzazi asiye na salio anabipu, mwalimu anajua kuna neno. Lakini katika nyumba nyingi simu ni moja, nayo iko mfukoni mwa baba, na baba yuko mnadani na mbuzi. Ujumbe wa kwamba mtoto ana homa unasomwa jioni kilabuni. Makundi ya WhatsApp nayo yanawafaa wenye simu janja. Mambo yakiamuliwa humo, wazazi waliobaki nje wanakuta wamepangiwa. Kwa hiyo simu isiachwe, lakini isiwe peke yake. Tangazo lifike pia kwenye mashine ya kusaga, kisimani, msikitini na kanisani. Namba inayoandikwa shuleni iwe ya mtu anayekaa na mtoto, hata kama ni jirani.

Barua bado ina kazi. Lakini barua nyingi za shule nilizoziona hazikuandikwa kwa ajili yetu. Zinaanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Zina mistari 20, na neno linalotakiwa limo katika mstari wa 17. Msomaji mpya anakwama mwanzoni, anaikunja, anaiweka juani mwa paa hadi mwenye miwani apite. Mwalimu wa awali anaweza kuandika hivi:

Mzazi wa mtoto wa awali,
Ijumaa tutahesabu kwa vizibo vya soda.
Mpe mtoto vizibo 5.
Kama huna, aje hivyo hivyo.
Mwalimu wa awali.

Barua hiyo ina maneno machache, na kila moja lina kazi. Ule mstari wa nne msiuondoe. Ndio ungemrudisha mapema yule mtoto wa korongoni.

Na wewe uliyehitimu kisomo mwaka huu, ambaye unausoma ukurasa huu kwa kidole, una haki ya kujibu. Huhitaji karatasi nzuri. Mama mmoja wa darasa la kisomo alijibu barua ya namna hiyo nyuma ya karatasi ile ile:

Mwalimu,
Vizibo hivi hapa.
Mtoto alikohoa usiku, hakulala vizuri.
Akisinzia usimgombeze.
Mama yake.

Mwalimu alinionyesha karatasi hiyo. Alikuwa ameihifadhi katika daftari la mahudhurio. Siku ile mtoto alisinzia kweli, na mwalimu alimlaza kwenye mkeka nyuma ya darasa. Bila karatasi ile angeliamshwa na kusimamishwa.

NANI ASIMAMIE

Kila shule ya msingi ya serikali ina kamati ya shule. Kamati ina mambo mengi: majengo, madawati, mitihani ya darasa la saba. Watoto wa awali huja mwisho wa kikao, watu wakiwa wameanza kuangalia jua. Ndiyo sababu napendelea UWaWa, yaani Umoja wa Wazazi na Walimu. Umoja huu ulienezwa katika mikoa kadhaa, ukiwemo wetu wa Dodoma, kwa mpango wa EQUIP-Tanzania ulioanza mwaka 2014. Mpango ule umekwisha, lakini umoja hauhitaji fedha ya mtu kutoka nje ili uendelee. Wazazi wa darasa moja huwachagua wenzao wachache, wanawake na wanaume, wawe kiungo kati yao na mwalimu wa darasa hilo. Kwa darasa la awali wachagueni watu wanaopita nyumba za watu. Msichague mkubwa anayekaa ofisini. Mama anayeuza mboga anajua ni nyumba gani haikuwasha moto jana.

Na akina baba msijifiche. Nimehudhuria mikutano ya awali ambayo mwanamume pekee ni mimi na mwalimu mkuu. Baba anasema mambo ya watoto wadogo ni ya mama. Lakini ghala ni la nani? Anayeamua mtama upi uuzwe na upi ubaki, katika nyumba nyingi, ni baba. Mama anakubali nusu debe mkutanoni, anarudi nyumbani hana ufunguo. Kama mkutano ni wa chakula, baba aitwe kwa jina lake, tena siku isiyo ya mnada. Saa 10 jioni inafaa kuliko saa 3 asubuhi.

Shule zitakazojaribu kuhamisha mkutano wa chakula kutoka Januari, naomba walimu au wazazi waniandikie kupitia kwa Mhariri. Andikeni mambo 3 tu: wangapi walifika mkutano wa Januari, wangapi walifika ule wa Mei, na ni watoto wangapi wa awali wanaokunywa uji sasa. Nitazichapa hesabu hizo hapa bila kutaja shule ambayo haikutaka kutajwa.

Waliouliza juu ya kwelea kwelea katika mtama wasikate tamaa. Nimepokea barua zao. Nitawajibu toleo lijalo.

Bwana Shamba wenu